Mbwa Aliyepandwa Bila Kupangwa: Maoni Kuhusu Kliniki Moja ya Mifugo ya Ilemela

Kliniki za mifugo za Mwanza zimezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na mbwa hufikishwa huko zaidi kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo. Ndiyo maana mtu anayefika na shida kama ya kwetu, ya jike aliyepandwa na dume wa mtaani asiyejulikana kwao, mara nyingi huondoka na moja kati ya majibu mawili ya haraka: mwache azae, au achomwe sindano yaishe. Kliniki ninayoiandikia hapa, iliyo upande wa Ilemela kwenye njia ya kuelekea uwanja wa ndege, haikutupa lolote kati ya hayo. Ilitutaka tusubiri, ikatueleza tunasubiri nini, na kila hatua ikaitolea sababu yake. Sitaitaja kwa jina kwa kuwa nina lawama zake pia, ila kwa jumla ni huduma ambayo ningeilipia tena.

Chausiku ni mbwa mweusi, chotara wa German Shepherd, ambaye alikuwa amekwisha kuingia kwenye joto mara kadhaa bila tukio lolote. Nyumba nyingi za miteremko ya Isamilo zina jabali ndani ya ua, na jabali letu ndilo ukuta wa upande wa nyuma. Waliojenga waliliacha kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kulipanda. Mtu hawezi, lakini mbwa koko mwenye nia anaweza kuliteremka kutoka kwa jirani wa juu, na mmoja alifanya hivyo mchana kweupe katika wiki ya pili ya joto, wakati damu ilikuwa imepungua na kugeuka ute wa rangi ya majani makavu. Tuliwakuta wamekwisha kunasana. Mlinzi alitaka kuwamwagia maji, fundi rangi akashauri wavutwe, na bahati nzuri waliachana wenyewe kabla ya shauri lolote kutekelezwa. Daktari alitueleza baadaye kwamba sehemu ya uume wa dume huvimba ndani ya jike na kubanwa na misuli ya uke kwa dakika tano hadi thelathini, wakati mwingine zaidi, kwamba kuwatenganisha kwa nguvu huweza kuwajeruhi wote wawili, na kwamba hata anayefaulu kuwatenganisha hajazuia kitu, kwa kuwa mbegu zinakuwa zimekwisha kutoka.

Kabla ya kliniki nilipita kwenye duka moja la dawa za mifugo mjini, na nalieleza hapa kwa sababu ndiko wengi wetu tunakoanzia. Muuzaji hakuuliza mbwa ana kilo ngapi, alipandwa lini, wala kama ana ugonjwa wowote. Alitoa kichupa kabatini, akasema hiyo ndiyo sindano wanayochomwa ng'ombe wanaoandaliwa kwa uhimilishaji, kwamba mbwa akichomwa kidogo tu mimba inatoka, na kwamba angenitafutia kijana wa kuja kuichoma nyumbani jioni ile ile. Nilimshukuru, nikanakili jina la dawa na kuondoka. Ilikuwa jamii ya prostaglandini. Daktari alisema kwamba ni kweli dawa za jamii hiyo huweza kuharibu mimba ya mbwa, lakini kwa vipimo vidogo vinavyokokotolewa kwa uzito, vinavyorudiwa kwa siku kadhaa mbwa akiwa chini ya uangalizi, na baada ya mimba kuthibitishwa. Katika siku za mwanzo baada ya kupandwa ovari za mbwa hazijawa tayari kuitikia dawa hiyo. Mbwa anayepewa hutapika, huharisha, huhema na kutokwa mate, na akizidishiwa anaweza kufa. Isitoshe, dawa hupenya kwenye ngozi ya binadamu, kwa hiyo mama mjamzito na mtu mwenye pumu hawapaswi hata kuishika. Yule kijana, nadhani, angekuja nayo kwenye mfuko wa suruali.

Kliniki yenyewe haina la kuvutia kwa nje: ni fremu mbili zilizounganishwa, zenye benchi chini ya mwembe ambako wagonjwa wote husubiri pamoja. Siku tuliyofika kwa mara ya kwanza mbele yetu alikuwapo mzee aliyetoka Kayenze na mbuzi aliyevimba kiwele, na daktari alitoka nje mwenyewe kumpokea kwa "Mwangaluka, baba" kabla hajamgusa mnyama. Ni dada wa makamo aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na cheti chake cha usajili wa Baraza la Veterinari kimetundikwa mahali ambapo kila mteja atakiona. Hilo la cheti ningemshauri kila mtu alitazame popote aendapo, kwa sababu mjini wapo wengi wanaoitwa madaktari kwa kuwa wanavaa koti jeupe na kubeba kisanduku.

Maswali yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia. Alitaka kujua damu ilianza kuonekana lini, ilibadilika rangi lini, mkia wa Chausiku aliuweka vipi alipoguswa mgongoni, joto la mwisho lilikuwa mwezi gani, na kama amewahi kuchomwa sindano ya kuzuia uzazi. Kisha akachukua ute wa ukeni kwa kijiti chenye pamba, akaupaka kwenye kioo chembamba, akautia rangi, akaukausha na kuuweka kwenye hadubini. Alipomaliza kutazama alituita nasi tutazame. Seli zilikuwa pana, zenye kona kona, nyingi zikiwa hazina kiini, na alisema hizo ndizo seli za jike aliye katika kipindi cha kukubali dume. Katikati yake palikuwa na vichwa vidogo vya mbegu vilivyoshika rangi ya samawati iliyokolea. Alitutahadharisha kwamba mbegu zikikosekana kwenye kioo si ushahidi kwamba jike hakupandwa, ila zikionekana, ubishi umekwisha.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kliniki hii, kwa sababu hata baada ya kuziona mbegu kwa macho yake hakusema kwamba mbwa ana mimba. Alisema amepandwa katika siku zinazofaa, basi. Mayai ya mbwa, alieleza, hutoka yakiwa hayajakomaa na huhitaji siku mbili hivi ndipo yaweze kutungishwa, mbegu nazo huweza kukaa hai ndani ya jike kwa takriban wiki nzima, na vijusi hujishikiza kwenye mfuko wa uzazi mnamo wiki ya tatu. Kabla ya hapo hakuna mkono wala mashine itakayoona kitu. Kile kipimo cha mkojo kinachouzwa kwenye maduka ya dawa za binadamu hakina kazi kwa mbwa, kwa kuwa homoni kinayoitafuta mbwa haitengenezi. Kupima projesteroni, homoni inayotunza mimba, kwenye damu nako hakusaidii, na sababu yake ni jambo nililolisikia kwa mara ya kwanza: jike aliyetoka kwenye joto huwa na projesteroni nyingi kwa muda wa miezi miwili hivi, awe na mimba au asiwe nayo. Jambo hilo lilikuja kutuhusu sana baadaye. Kwa siku zile alitutaka tumfungie ndani usiku na mchana mpaka joto liishe kabisa, kwani jike aliyekwisha kupandwa huweza kumkubali dume mwingine, na watoto wa tumbo moja wakawa na baba tofauti.

Jambo lingine ambalo dukani lisingetajwa kamwe ni magonjwa. Daktari alimpekua Chausiku shingoni na mabegani akitafuta alama za meno, akaomba kadi ya chanjo, na ingawa chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa bado haijaisha muda wake alimwongezea nyingine kwa sababu dume lile halikuwa na mwenyewe wa kuulizwa. Akatueleza pia juu ya uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, ambapo seli zenyewe za uvimbe hutoka kwa mbwa mmoja na kuota kwa mwingine. Unapatikana zaidi mahali ambapo mbwa huachwa wakirandaranda, huchukua wiki au miezi kujitokeza, na dalili yake ya kawaida ni damu inayodondoka ukeni nje ya msimu wa joto pamoja na kinyama chekundu chenye vichwa vichwa kinachovuja. Unatibika vizuri kwa sindano za vinkristini zinazotolewa mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa, mradi uwahiwe. Nimekutana na watu wanaofuga mbwa kwa miaka mingi hapa Mwanza ambao wameuona uvimbe huo na kudhani ni jeraha.

Kuhusu nini kifanyike endapo mimba ingekuwapo, alitupa maelezo marefu, nayo nayafupisha. Kuacha mimba iendelee kulikuwa jambo linalowezekana, kwa kuwa Chausiku ni mzima na umri wake unafaa. Ujauzito ungechukua siku 63 hivi, na kazi kubwa ingekuwa kuwatafutia watoto watu wa kuwachukua na kuwachanja. Kutoa kizazi, yaani kuondoa ovari na mfuko wa uzazi kwa upasuaji, kungemaliza mimba na kuzuia nyingine zote, ila alikataa kufanya hivyo wakati joto bado lipo kwa sababu mishipa ya damu ya sehemu hiyo huwa imejaa na mnyama huweza kupoteza damu nyingi. Sindano za estrojeni ambazo zamani zilitolewa kwa wingi siku chache baada ya mbwa kupandwa alizikataa moja kwa moja: huweza kusababisha usaha kwenye mfuko wa uzazi, na mbaya zaidi huweza kuua uboho unaotengeneza damu. Dawa iliyo salama zaidi, aglepristoni, ambayo huko Ulaya hutolewa kwa sindano mbili zinazopishana saa 24 na huweza kutumika hadi siku ya 45 baada ya kupandwa, alitutajia na papo hapo akasema yeye hana. Wapo ambao wangeinyamazia dawa wasiyokuwa nayo. Yeye aliisema ili tujue kwamba ipo.

Uamuzi ukawa kusubiri hadi siku ya 28 hivi tangu tukio, kisha apimwe kwa altrasaundi. Na hapa naingiza lawama yangu ya kwanza. Tulifika saa tatu asubuhi tukakuta umeme umekatika, jenereta ipo lakini haina mafuta, na msaidizi wa mapokezi akatuambia turudi kesho yake kana kwamba kumsafirisha mbwa wa kilo 30 ni jambo jepesi. Si jepesi. Daladala haimpakii, madereva wa bajaji wengi wanakataa wakishaona meno, na yule anayekubali hutoza anavyotaka. Simu moja ya asubuhi ingetosha.

Kipimo chenyewe kilifanywa kwa utulivu. Chausiku alilazwa ubavu kwenye meza, akanyolewa manyoya kidogo tumboni, akapakwa mafuta mazito ya baridi yaliyomfanya ajikunyate, na daktari akawa anaeleza kila alichokiona kwenye kioo: kibofu cheusi kilichojaa mkojo, utumbo unaocheza, kisha mfuko wa uzazi, mwembamba, usio na hata kifuko kimoja cha maji. Kama mimba ingekuwapo, alisema, siku hizo tungeona vifuko vyeusi vya mviringo na ndani yake mapigo madogo ya moyo. Hakuishia hapo. Kwa kuwa siku ya kupandwa si lazima iwe ndiyo siku ya mimba kutunga, alitupangia kipimo cha kuthibitisha siku kadhaa baadaye kwa bei iliyopunguzwa, nacho kikaonesha vilevile. Hapana mimba.

Wiki chache zilizofuata ziliitia imani yetu majaribuni. Chausiku alinenepa, chuchu zikavimba na kutoa maziwa, akaanza kuchimba chini ya ngazi, na kandambili ya bluu ya mtoto wetu akaibeba kila aendako, akiilambalamba na kumngurumia yeyote aliyeikaribia. Jirani yetu wa juu, mzee tunayemheshimu sana, alitangaza kwamba mashine imedanganya na akaweka oda ya watoto wawili wa kiume. Mlinzi naye alimuunga mkono. Tulirudi kliniki, na daktari, bila kuonekana amekereka, alimpima upya bila kutoza chochote, akatuonesha mfuko wa uzazi ukiwa vilevile mtupu, kisha akaeleza kwamba hiyo ni mimba ya uongo. Projesteroni ile iliyokuwa juu kwa miezi miwili inaposhuka, prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, hupanda, na mwili wa jike hujiandaa kunyonyesha hata kama hakuna wa kunyonya. Si ugonjwa, huwatokea majike wengi ambao hawajatolewa kizazi, na kwa kawaida hupungua wenyewe ndani ya wiki mbili au tatu.

Maelekezo yake yalikuwa mepesi, na mengine yalipingana na tulichokuwa tukifanya. Dada wa kazi alikuwa akimkamua kwa huruma. Aliambiwa aache, kwa kuwa kila akikamua mwili hupata amri ya kutengeneza zaidi, na kukanda kwa maji ya moto ni vivyo hivyo. Chakula kipunguzwe kidogo, na kwa kuwa kwetu mbwa hula ugali kwa dagaa na mapanki yaliyochemshwa, tulipunguza ugali. Kandambili ichukuliwe akiwa matembezini, asione inakopelekwa. Chuchu zikiwa ngumu, nyekundu na zenye joto, au akikataa kula, arudishwe mara moja. Dawa za kukausha maziwa zipo, lakini hakuona sababu ya kuzitoa, na kweli hazikuhitajika.

Tuliomba atolewe kizazi wiki ile ile ili mambo haya yasijirudie, na daktari akakataa kwa mara nyingine. Ovari zikiondolewa wakati mbwa bado ana maziwa, projesteroni hushuka ghafla na mimba ya uongo huweza kurefuka badala ya kuisha. Alitaka maziwa yakauke kabisa kwanza. Kwa kliniki inayolipwa kwa kazi iliyofanyika, kukataa upasuaji ambao mteja amekwisha kuja na fedha zake si jambo dogo.

Upasuaji ulipofika wakati wake, ulikwenda vizuri. Hakupewa chakula kuanzia usiku uliotangulia, akawekewa dripu, akachomwa nusukaputi, na baada ya kazi tuliitwa tukaoneshwa kwenye bakuli kilichotolewa: ovari mbili na mfuko wa uzazi wenye pembe zake mbili, mweupe na mdogo kuliko nilivyofikiri. Gharama hupangwa kwa uzito wa mbwa, tuliandikiwa kwenye karatasi kabla, na tuliyolipa ndiyo iliyoandikwa; altrasaundi zote kwa pamoja hazikufika nusu ya gharama ya upasuaji. Mshono ulikuwa mfupi, mkavu, na nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili bila usaha wala uvimbe.

Lawama zilizobaki ni nne, na moja ni kubwa. Kliniki haina mahali pa kulaza mnyama, hivyo Chausiku alirudishwa nyumbani jioni ile ile akiwa bado anayumba, akatapika ndani ya bajaji. Na simu ya daktari huzimwa usiku, kwa hiyo kama mshono ungefumuka saa nane za usiku tungekuwa peke yetu. Kwa jike anayetarajiwa kuzaa, jambo hilo lingenifanya nifikirie mara mbili, maana mbwa akikwama kuzaa hamsubiri mtu apate usingizi. Karatasi ya maelekezo baada ya upasuaji imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, ilhali wanaomtunza mbwa mchana kutwa ni mlinzi na dada wa kazi. Ilinibidi niitafsiri kwa mkono. Na lile benchi la chini ya mwembe linachanganya mbwa wagonjwa na watoto wa mbwa ambao bado hawajakamilisha chanjo, jambo la hatari kwa ugonjwa kama parvo, ambao virusi vyake hukaa muda mrefu kwenye udongo.

Anayekwenda kwa shida kama yetu aende mapema badala ya kusubiri tumbo lionekane, kwa kuwa ule ute wa hadubini una maana zaidi katika saa 24 za kwanza. Abebe kadi ya chanjo na tarehe ya damu ya kwanza pamoja na ya kupandwa, zikiwa zimeandikwa. Akipangiwa altrasaundi, apige simu alfajiri ya siku hiyo aulize habari za umeme na mafuta ya jenereta, na akae na mbwa wake ndani ya bajaji mpaka aitwe.